Njia ya Vigae

Jumatatu asubuhi, kabla tu ya kipindi chake, mhadhiri wa historia ya Ugiriki ya kale alitia mkono kwenye droo kutafuta chaki, akatoka na kigae. Kilikuwa kipande cha chungu chekundu, ukubwa wa kiganja, na juu yake palikwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali jina lake na jina la baba yake. Alikisoma, akakiweka kando ya kikombe, akaendelea kutafuta chaki. Chaki zilikuwa zimekwisha tangu muhula uanze, kwa hiyo alikwenda kufundisha kwa mdomo mtupu.

Aliporudi, vigae vilikuwa vitatu.

Mtu mwingine angedhani ni utani wa wanafunzi. Yeye alijua vizuri mno ni nini, maana hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha. Watu wa Athene ya kale, mara moja kwa mwaka, waliulizwa kama yuko mtu ambaye mji ungepumua vizuri zaidi bila yeye. Wakisema yupo, ilipangwa siku, na kila raia alikuja sokoni na kigae chenye jina la mtu anayetaka aondoke. Vigae vikitimia elfu sita, aliyetajwa zaidi alifungasha mizigo, akaondoka kwa miaka kumi. Hakushtakiwa, hakujitetea, wala hakuambiwa kosa lake. Nyumba yake na shamba lake vilibaki vyake mpaka arudi.

Kigiriki cha kale alikisoma katika chumba cha kupanga, kitabu magotini, huku mama yake akiuliza lugha hiyo inazungumzwa wapi. Alipojibiwa kwamba waliokuwa wakiizungumza walikwisha kufa zamani, mama alisema basi ni vizuri, hakuna atakayekucheka ukikosea. Tasnifu yake ilihusu kisima kimoja cha Athene. Ndani yake wachimbaji walikuta karibu vigae mia mbili vya jina la mtu mmoja, na wataalamu walipoichungulia miandiko waliona kwamba mikono iliyoandika haizidi kumi na minne. Watu wachache walikuwa wamekaa kitako, wakaandika vya kutosha, tayari kuwagawia wengine. Juu ya kisima hicho yeye alijenga kurasa mia nne, na hoja yake yote ilikuwa moja: palipo na vigae vingi, tafuta mikono michache. Hoja hiyo ilimpatia udaktari, kitabu, mialiko miwili ya mbali, na jina la Mama Vigae ambalo wanafunzi walimpa wakidhani halijui.

Jambo ambalo haikumpatia ni uprofesa. Faili lake la kupandishwa cheo lilikuwa likienda kikaoni na kurudi kwa miaka tisa. Na safari hii maji yalikuwa shingoni. Daktari hustaafu akitimiza miaka sitini, lakini profesa huongezewa mitano. Yeye angetimiza sitini mwezi wa saba, na katika nchi nzima hapakuwa na mwingine wa kufundisha somo lile. Asipopanda kabla ya hapo, angeondoka yeye, na Athene yote ingeondoka naye.

Kwa hiyo alivitazama vile vigae vitatu, akasimama, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Wamenianza."

Vigae viliendelea kuja. Alivikuta ndani ya kopo la sukari, katikati ya karatasi za mitihani, kwenye kiatu cha mvua alichokiacha nyuma ya mlango. Alinunua kufuli, akaifunga droo. Asubuhi iliyofuata droo ilikuwa imefungwa vilevile na ndani yake vilikuwamo vinne. Mara moja kimoja kilidondoka juu ya meza huku akitazama, toka hewani, bila mkono wa mtu, kikazunguka kidogo, kikatulia. Hakushangaa. Alichofanya ni kuingiza akilini mwake wazo kwamba adui yake ana msaidizi.

Dada wa usafi ndiye aliyekuja kulalamika. Alisimama mlangoni na ndoo.

"Daktari, hivi vitu vyako vinanivunja mgongo. Nikifagia hapa vinaingia pale."

"Si vyangu."

"Vina jina lako. Kitu chenye jina la mtu ni cha mtu huyo." Akamimina ndoo nzima karibu na kabati, akaenda zake.

Adui alikuwa anajulikana. Mkuu wa Idara alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana aliyekuja mwaka wa kwanza na shati moja na akili nyingi. Daktari ndiye aliyemsahihishia tasnifu neno kwa neno, akamwandikia barua za kumsifu, akampigia debe mpaka akaajiriwa. Sasa alikuwa profesa wa kitu kilichoitwa usimamizi wa urithi, na hakuonekana bila suti hata siku ya joto kali, ndipo watu wakamwita Suti. Ofisi ya Suti ilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Ofisi ya Daktari ilikuwa na madirisha mawili yaliyotazama bustani, na Suti kila akiingia humo macho yalikuwa yakikimbilia madirishani kabla ya kumfikia mwenye ofisi. Daktari alikuwa ameliona hilo miaka mingi. Sasa alilipa maana.

Akaanza kuwatazama watu kwa pembe ya jicho. Wawili wakinong'ona kwenye ngazi, alisimama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mwalimu wa ramani za kale akimsalimu kwa uchangamfu, alijiuliza uchangamfu huo wa nini. Mwalimu yuleyule asipomsalimu, alijua ni nini. Hata chai alianza kuinusa kabla ya kuinywa.

Mtu ambaye yeye bado alimwamini alibaki mmoja tu, mwalimu wa historia ya Roma. Walikuwa wamepakana ofisi tangu nywele zao zikiwa nyeusi, wakichangia birika moja na kopo moja la sukari. Yeye alimwita Mroma, na Mroma alimwita Mgiriki, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mgiriki, leo tena mmeletewa vyombo vilivyovunjika?" alisema Mroma, akisogeza vigae ili apate pa kuweka kikombe. "Nyinyi tangu zamani mnapenda kelele za sokoni. Sisi tulijenga barabara."

"Mlijenga barabara ili mje kuiba vitabu vyetu."

"Tuliwahifadhia." Akakoroga chai. "Unamshuku nani?"

"Suti. Ameiga miandiko ya watu wote ili nisimjue."

Mroma aliendelea kukoroga, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Huenda," alisema.

Miandiko yenyewe Daktari aliijua yote. Katika idara ile kila mtihani husahihishwa na walimu wawili, na kwa miaka yote hiyo alikuwa ameandika maoni yake chini ya maoni ya kila mwenzake. Alimjua anayekandamiza kalamu na anayeiburuza. Ndiyo maana aliamua kumtega. Alivitia vigae kumi kwenye mfuko, akaenda ofisini kwa Suti.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Suti, akainuka mpaka kitini pakabaki patupu. Hakuwahi kuacha kumwamkia, na hilo pia Daktari alikuwa amelitilia shaka.

"Marahaba. Niandikie jina langu hapa." Akamsogezea karatasi.

Suti hakuuliza sababu. Akaandika, akiivutia mkia herufi ya mwisho kama kawaida yake. Kisha akaviona vigae, akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kidole asichafue shati. "Hiki changu," alisema, akikitenga. "Hivi vingine sivijui. Mwalimu, idara haina kabati la kuvitunza. Nitamwambia dada wa usafi akutafutie kapu."

Kapu lilikuja siku hiyohiyo, kubwa, la ukindu, na Daktari alilibeba mpaka nyumbani. Mumewe alikuwa fundi mwashi aliyestaafu, mtu wa maneno machache aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina mahali pake, kinachotakiwa ni saruji tu. Alimsaidia kulipandisha kapu juu ya meza ya kulia, akaketi pembeni na redio yake.

Daktari alivichambua vigae kwa kioo cha kukuzia, kama alivyovichambua vya kisima kile alipokuwa kijana. Alianza akiwa na uhakika. Angekuta mkono mmoja unaojifanya minane, na chini ya huo mkono angemkuta Suti na mkia wake wa herufi. Alichambua mpaka chakula kikapoa. Mkono wa mtu anayeiga husita. Husimama katikati ya mstari na kuanza upya, na yeye alikuwa amekusoma kusita kwa namna hiyo maisha yake yote. Hapa hapakuwa na kusita. Kila mtu alikuwa ameandika chake, kwa mkono wake, bila haraka.

Alipomaliza, mezani palikuwa na mafungu manane. Walimu waliokuwa wakibaki kikaoni yeye akitoka walikuwa wanane.

Mumewe alizima redio, akaja kutazama kama anavyotazama tofali. "Yote yamelingana," alisema. "Hakuna fungu lililozidi."

"Naona."

"Na hili la pembeni? Mwandiko mzuri."

Daktari alichukua gazeti akalifunika fungu lile la pembeni. Herufi zake zilisimama wima, zimeachiana nafasi, za mtu aliyetumia ujana wake akisoma maandishi ya mawe ya Kirumi. Alikaa akalitazama gazeti, kisha akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, mkono mdomoni, na mumewe akamwekea mkono begani.

Kesho yake, wakati wa chai, alikiweka kigae kimoja mezani, kati ya birika na kopo la sukari.

Mroma alikitazama. "Mwandiko wangu."

"Ndiyo."

"Sikuandika kitu, Mgiriki. Naapa."

"Basi ulifanya nini?"

Mroma alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Akamweleza mambo ya kikao, ambayo yeye hakuwahi kuyaona, kwa kuwa anayejadiliwa hutoka nje. Katika idara ile hakuna aliyewahi kumpinga mwenzake. Hata kura haipigwi, ili watu wasije wakakosana. Mkuu husoma jina, kisha huuliza, "Nani anamsemea?" Akipatikana hata mmoja wa kusimama na kusema, faili hupita, kwa sababu hakuna anayeanza ugomvi. Asipopatikana, jambo huahirishwa kwa heshima mpaka kikao kijacho, na watu huendelea na mengineyo.

"Na kwangu mimi?"

"Hakuna aliyekupinga. Hata siku moja."

"Hata Suti?"

"Suti huuliza, halafu husubiri. Mkuu haruhusiwi kusema." Mroma alikisogeza kigae kwa kidole, kikagonga kopo. "Watu hutazama vikombe vyao. Mimi kila mara nadhani mwingine atasema. Wewe unajulikana kwamba ni mtu wangu. Nikisema mimi, itaonekana ni birika linasema."

"Miaka tisa?"

"Na mimi ni daktari tu, Mgiriki," alisema Mroma, na safari hii hakutania. "Ungekuwa profesa, ungehamia jengo la mbele kama maprofesa wote wasio wakuu wa idara. Chai ningekunywa na nani?"

Daktari alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Angetaka kummwagia birika zima. Badala yake alisema, "Kikao ni Ijumaa. Ndicho cha mwisho kwangu. Simama useme. Sentensi moja inatosha."

"Nitasema."

"Mroma."

"Nimesema nitasema."

Ijumaa alikwenda na kapu lake tupu, kwa sababu kila kitu chenye jina lake kilikuwa kinahesabiwa chake na hakutaka ugomvi na dada wa usafi. Wenzake walimpisha njia. Ajenda yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mengineyo. Suti aliposoma jina, Daktari aliinuka, akachukua kapu, akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mahali alipokuwa akikaa mwaka baada ya mwaka. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa pale akiwaza maneno ambayo rafiki yake alikuwa akiyasema ndani. Alikuwa hata ameyapangia sauti.

Mlango ulikuwa mzito, haupitishi sauti. Alikaa, mikono magotini.

Kigae cha kwanza kilidondoka kapuni. Cha mwalimu wa ramani. Kikafuata cha mwalimu wa uchumi wa kale, kisha viwili kwa pamoja. Cha Suti kilikuja cha tano, mkia wa herufi ukiwa umekolezwa vizuri. Aliviokota kimoja kimoja, akavisoma, akavirudisha. Kila kigae kilipokuwa kikianguka moyo ulimruka, na alipouona mwandiko moyo ulitulia, kwa kuwa haukuwa ule wa herufi za wima. Vilipofika saba, vikaacha kuanguka.

Daktari alisubiri. Ukumbi ulikuwa kimya. Alijikuta anatabasamu peke yake kama msichana. Anasema, aliwaza. Amesimama, ameshika tai yake, anasema.

Kisha mlango wa pili wa ukumbi ukafunguka, ule wa kutokea chooni, ambako chumba cha kikao kina mlango wa nyuma, na Mroma akaja akitembea polepole huku akijifuta mikono kwa leso. Alipomwona, alisimama.

"Tumbo, Mgiriki," alisema. "Lilinishika ghafla. Walipotaja tu jina lako."

Daktari alilivuta kapu karibu na miguu yake.

"Kwa hiyo mimi sikunyamaza. Sikuwamo. Hilo ulione."

Kigae cha nane kilianguka. Hakikuanguka kapuni kama wenzake. Kilianguka sakafuni, mbele ya viatu vya Mroma. Herufi zilisimama wima, zimeachiana nafasi. Wote wawili walikitazama. Mroma aliinama kwa shida, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa leso ileile, akakitia kapuni yeye mwenyewe. Halafu akarudi kikaoni, kwa sababu bado kulikuwa na mengineyo.

Suti alitoka baada ya muda kumpa taarifa. "Shikamoo, Mwalimu. Limeahirishwa. Wote wamekutaja kwa heshima kubwa."

"Marahaba," alisema Daktari.

Mwezi wa saba alistaafu. Somo la Ugiriki ya kale liliondolewa kwenye ratiba kwa kukosa mwalimu, na Suti akahamia kwenye madirisha mawili. Faili halikufungwa, kwani hakuna aliyelipinga, na jambo lililoahirishwa katika idara ile huendelea kusomwa kila kikao mpaka lipatiwe jibu. Kwa hiyo vigae navyo viliendelea. Sasa vilikuwa vinaangukia bati la nyumbani kwake, vinane kila kikao, na mumewe akisikia alikwenda na ngazi kuviteremsha. Daktari alimwambia mumewe kwamba Waathene walikuwa wastaarabu: waliyemfukuza walimwambia na siku ya kurudi. Mumewe aliuliza kama vigae vya Athene vilichomwa vizuri kama hivi. Daktari alisema ndiyo.

"Basi tusivitupe," alisema mumewe. "Toka getini mpaka mlangoni pana tope kila mvua ikinyesha."

Akachanganya saruji. Daktari alichuchumaa akimpitishia vigae, kimoja kimoja.

"Jina lije juu au chini, mama watoto?"

"Chini. Nikanyage jina langu mwenyewe?"

Wakayalaza majina chini. Njia ikatoka nyekundu, imenyooka, laini, haitelezi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya fundi yule.

Mwisho wa mwaka idara nzima ilikuja kumuaga rasmi, na saa ya ukutani ya zawadi imefungwa kwenye karatasi ya maua. Walishuka kwenye gari wakiwa wamevaa vizuri. Walipita juu ya njia ile wawili wawili, wakicheka, na kila mmoja aliisifu. Mwalimu wa ramani alisema inapendeza kweli. Suti alisimama katikati, akaigonga kwa kisigino cha kiatu chake kinachong'aa.

"Mwalimu, vigae hivi mmenunua wapi? Na mimi nataka vya nyumbani."

"Vya kuletewa," alisema Daktari. "Karibuni ndani."

Mroma alikuwa wa mwisho kushuka. Alisimama getini akaitazama njia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akakunja suruali, akapita pembeni, kwenye tope, mpaka mlangoni. Daktari alimpokea, akampa kitambaa cha kufutia viatu, akammiminia chai ya kwanza, sukari kama anavyopenda.

"Kikao kijacho nitasema, Mgiriki," alimnong'oneza.

"Haya, Mroma."

Kikao kilikuwa Ijumaa iliyofuata. Bati liligongwa mara nane. Mumewe akachukua ngazi.